Mteja Asiyetaka Gololi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, anayejua kilicho kifuani kabla ulimi haujakitamka, aliyenisimamisha nyuma ya kaunta moja ya Kariakoo kwa miaka thelathini na moja na akanitoa pale nikitembea kwa miguu yangu mwenyewe. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na kila anayemfuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Salim, mwenye duka, ameniomba niwaachie ninyi mliobaki kaunta maelezo ya namna ya kumchagulia mteja bunduki yake ya kwanza ya gololi. Alitegemea ukurasa mmoja wa kubandika ukutani karibu na kibali cha serikali. Nimeuanza ukurasa huo mara tatu, na kila mara kalamu imenipeleka kwa mteja mmoja tu, kwa hiyo nimeamua kuiacha iende. Ya kubandika ukutani mtayachuma humu ndani.

Nilianza kazi wakati wa Mzee Awadhi, baba yake Salim, Mungu amrehemu. Alikuwa Mshihiri aliyezaliwa hapa hapa Kariakoo, na Uarabuni alikwenda mara moja tu, kwa hija, akarudi akiilalamikia chai yao. Duka lilikuwa la vifaa vya michezo: mipira, jezi, viatu vya njumu, neti, filimbi. Baba yangu, aliyefundisha chuo cha Kurani kule mtaa wa Gerezani na ndiye aliyenifundisha mimi herufi, hakupenda binti yake akae kutwa nzima na wanaume wanaotafuta viatu. Mzee Awadhi alimwendea mwenyewe. Walizungumza baada ya sala ya alasiri, na baba akarudi nyumbani akasema huyo mtu ni mgumu kudanganywa, basi nenda.

Siku ya kwanza Mzee Awadhi aliniwekea boksi mbele yangu akauliza mna nini ndani. Nikasoma ubavuni nikamwambia ni mipira ya ngozi, namba tano.

"Hayo ndiyo yaliyoandikwa," akasema. "Mimi nimeuliza mna nini."

Nikalifungua. Ilikuwa mipira ya plastiki, na baadhi ilikwisha kupasuka. Hakuniambia neno jingine mpaka adhuhuri.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutoamini. Nilinusa ngozi, nilivuta nyuzi za jezi kwa meno, nilipuliza kila filimbi kabla sijaipanga, mpaka Mangi, jirani yetu Mchaga anayeuza mashuka kwa jumla duka la pili, akawa anauliza kila asubuhi kama mechi imeanza. Nyumbani dada zangu walilalamika kwamba sinunui hata chumvi bila kuonja. Sikuwa nimebadilika kwa ubaya. Kazi ilikuwa imeniingia.

Bunduki zilipita dukani kwetu kwanza kwa mlango wa Idi. Kila aliyelea mtoto Dar anajua: asubuhi ya Idi mtoto akitoka kusali anataka miwani ya jua na bastola ya plastiki inayolia, na ikifika jioni bastola imevunjika na miwani iko kwa mtoto wa jirani. Hizo hazikuwahi kunipa shida. Baadaye zikaja hizi nyingine, nzito, za watu wazima, zinazorusha gololi ndogo za plastiki na kufanana na za kweli kiasi kwamba boksi la kwanza lilipofunguliwa Mzee Awadhi alirudi nyuma hatua moja. Wanunuzi wake wengi ni vijana wa mjini wanaovuka kwenda Kigamboni siku ya Jumapili, kwenye shamba la mtu, kuwindana vichakani na kurudi na madoa mekundu mgongoni wakiwa wamefurahi sana. Furaha hiyo sijaielewa, lakini sijaielewa hata ya wale wanaokimbia asubuhi bila kufukuzwa.

Mzee Awadhi hakuuza hata moja mpaka kibali kilipokaa kwenye fremu ukutani. Kisha akaweka masharti yake mwenyewe juu ya yale ya serikali. Ncha ya rangi ya chungwa iliyo mdomoni mwa bunduki haitolewi wala haipakwi rangi. Hakuna bunduki inayotoka bila miwani ya kinga. Na kila mnunuzi alete kitambulisho pamoja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi, yenye muhuri. Kijana mmoja aliniuliza kama hapa wanauza midoli au wanaozesha.

Sasa ya kuchagua. Mtu wa mara ya kwanza atakuja na picha kwenye simu. Mwache aionyeshe, mwambie nzuri, kisha isahau. Muulize atachezea wapi na nani. Asiyejua atacheza na nani bado hahitaji bunduki, anahitaji marafiki. Anayejua, mpe ya springi, ile anayoikoki mwenyewe kwa kila gololi. Ya gesi itamvutia kwa kishindo chake, lakini joto letu linaisumbua, mipira ya ndani inayoizuia gesi inaanza kuvuja, naye atarudi kukulaumu wewe. Ya betri ni tamu mikononi ila inataka mtu wa kuitunza, na anayeanza hajitunzi hata macho. Ya springi inamfundisha subira, maana kila gololi inayokwenda pembeni amejitaabisha kuikoki.

Gololi usiziuze kwa kusoma pakiti. Mwaga chache juu ya kioo cha kaunta uziachie. Iliyo mviringo kweli inakwenda moja kwa moja. Yenye mshono inapinda, na hiyo hiyo ndiyo itakayokwama kwenye mtutu. Tuna mizani ile ndogo ya sonara kwenye droo ya pili. Itumieni, kwa sababu pakiti nyingi zinasema uzito usiokuwamo. Miwani mvalishe mteja kabla hajaishika bunduki, umwambie atikise kichwa kama anayekataa posa. Ikiteleza, mpe nyingine. Na mfundishe mambo mawili kabla ya yote: mdomo chini, kidole nje ya kifyatulio.

Hayo ndiyo ya ukutani. Yanayofuata ni ya moyoni.

Mzee Awadhi aliweka kioo kirefu nyuma ya kaunta. Wateja tuliwaambia ni cha kujaribia miwani. Kweli yake alinieleza mimi peke yangu: weka bunduki mbili tatu juu ya kaunta, nyamaza, utazame mtu anafanya nini. Mwenye akili ya kitoto ataielekeza kwa mwenzake. Mchezaji atafunga jicho moja atafute shabaha. Lakini anayejitazama kwenye kioo akiwa ameishika, huyo anataka kujua wengine watamwonaje, na huyo ndiye wa kumwogopa.

Njia hiyo ilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Aliwahi kuingia bwana mmoja na viatu vinavyong'aa, anataka tatu za aina moja, eti za kupamba sherehe. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko bibi harusi, kisha akauliza kama ncha ya chungwa inachomoka. Barua yake ilikuwa na muhuri mzuri, wino umekolea, kila herufi inasomeka. Mzee Awadhi alimrudishia kwa adabu, akasema mzigo umeisha, nao unaonekana umejaa nyuma yake. Siku chache baadaye askari walipita duka hadi duka wakiuliza habari za mtu mwenye viatu kama vile. Hapo nikajifunza jambo jingine ambalo halikuandikwa popote: muhuri wa kweli wa serikali ya mtaa huwa umefifia. Pedi ya wino pale ofisini daima imekauka, mtendaji anagonga mara tatu ndipo itokee nusu duara. Mihuri inayong'aa ni ile inayochongwa vichochoroni, hatua chache kutoka dukani kwetu. Kwa miaka mingi sikuwahi kukosea kwa kipimo hicho.

Mzee Awadhi alikwisha kututangulia, na mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu, siku ya Alhamisi alipoingia mwanamume wa miaka kama thelathini na tano, mrefu, shati limepigwa pasi, ila harufu ya samaki ilimtangulia. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia. Hakuwa na picha kwenye simu. Alitaka ile ndefu ya kukoki kwa mbele, mfano wa shotigani wanazobeba walinzi.

Nikamuuliza kama amewahi kucheza. Akasema hapana. Atacheza na nani? Akasema peke yake. Nikamtolea ile ya springi, nikaweka na bastola mbili pembeni, kisha nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Bastola hakuzitazama. Aliipima ile ndefu mikononi akauliza kama ya kweli ina uzito kama huo. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vinaishika kama mtu aliyevaa glovu. Kisha akasogea, akasimama mbele ya kioo, akapanga miguu, akajitazama.

Nikamwekea pakiti ya gololi na miwani nione atafanya nini. Akazisukuma zirudi kwangu taratibu.

"Hizi sihitaji, mama. Nataka yenyewe tu."

Naomba mnielewe nilivyofikiri, kwa sababu hata leo hesabu yake naiona imekaa sawa. Anayenunua bunduki ya mchezo bila gololi hanunui mchezo. Ananunua sura. Na sura ya bunduki, bila kitu cha kurusha, ina kazi moja tu.

Nikaomba barua. Akaitoa kwenye bahasha, imekunjwa vizuri. Yohana fulani, mkazi wa mtaa mmoja wa Buguruni, ni mtu mwenye tabia njema. Na chini yake muhuri wa zambarau, umekolea, duara kamili, kila herufi inasomeka kama ya kitabuni.

Nilimwambia barua lazima ihakikiwe, aiache kwangu, arudi Jumatano. Utaratibu huo haukuwapo, niliutunga palepale. Uso wake ukabadilika.

"Jumatano itakuwa nimechelewa. Mimi shida yangu Jumatatu."

"Jumatatu kuna nini?"

Akatazama chini. Akasema hawezi kusema, amekatazwa.

Salim, aliyekuwa anapanga viatu juu ya ngazi, aliteremka. Yule mtu alipokwisha kutoka, Salim alinung'unika kwamba duka hili mwisho litauza kwa malaika watupu. Nikamweleza kioo, gololi, muhuri, na hiyo Jumatatu. Akakuna kichwa.

"Basi mnyime, au mpe. Usimning'inize tu, Bi Maimuna."

Lakini nilimning'iniza. Ijumaa nilipiga namba ya ofisi ya mtaa iliyokuwa kwenye barua, haikupokelewa, na hilo nalo nikaliongeza kwenye hesabu. Nikaandika jina lake na anuani yake kwenye karatasi safi, niipeleke kituo cha polisi Jumamosi asubuhi kabla ya kazi. Niliona natimiza wajibu. Nilifikiria mlinzi wa duka fulani akinyooshewa ile bunduki niliyoiuza mimi, moyo ukanenepa kwa hofu na, Mungu anisamehe, kwa kujisifu kidogo.

Jumamosi ile ilikuwa ya usafi, maduka yanafunguliwa saa nne. Nilikuwa nimeshavaa baibui, karatasi iko mkobani, nikaketi kidogo kusoma kama ilivyo kawaida yangu baada ya alfajiri, na nikamkumbuka baba. Kila mtu anajua kwamba tumeamrishwa tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Hilo nililijua na nilikuwa nimeshalijibu: kazi yangu ni kaunta, dhana ni kinga. Lakini baba alitufundisha na jambo la pili, gumu zaidi, kuhusu ushahidi: usimshuhudilie mtu baya ila kwa kitu ulichokiona wazi kama unavyoliona jua. Nikajiuliza nimeona nini. Nimeona mtu, kioo na wino. Karatasi ya polisi nikaiacha juu ya meza. Nikachukua barua, nikakodi bajaji kwenda Buguruni.

Ofisi ya mtaa ilikuwa imefungwa kwa sababu ya usafi, ila watu wakanionyesha mtendaji pembeni ya mtaro, binti mdogo mwenye gambuti na daftari, anasimamia wakazi wanaozibua taka. Nikamwonyesha barua. Akasema ni yake, ameiandika Jumatano. Nikamwonyesha muhuri, nikamwambia kwa upole mbona umekolea hivi.

Akacheka. Akaeleza kwamba yeye ni mgeni ofisini hapo, alikuta pedi imekauka kama soli ya kiatu, akaja na ya kwake. Akauliza kama kuna tatizo, na kabla sijajibu akageuka akaita kwa sauti kuelekea mtaroni: "Yohana! Hebu njoo, kuna mama kutoka Kariakoo ameleta barua yako."

Walikuwa watu kama ishirini mtaroni. Makoleo yote yalisimama. Yohana alipanda juu, matope hadi magotini, akaniona mimi, akaiona barua mkononi mwangu, akamwona mtendaji. Mwanamke mmoja mwenye fagio alimuuliza mwenzake Yohana kafanya nini. Mwenzake akasema si unaona mpaka amefuatwa na wenye duka. Ikapita mdomo hadi mdomo, mbele ya macho yangu, haraka kuliko maji ya ule mtaro.

Yohana alisema polepole, "Mama, umenifuata mpaka huku?"

Nimesimama mbele ya wateja wakali, mbele ya askari, mbele ya wakaguzi. Sijawahi kusimama mahali pagumu kama pale. Nikapaza sauti ili na yule wa fagio asikie, nikasema huyu bwana hajafanya kosa lolote, kosa ni langu, nilikuja kuhakiki barua iliyo sahihi. Mtendaji akawaambia watu warudi kazini. Sisi tukasogea kando, kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi.

Hapo ndipo aliponieleza. Kwa miaka tisa alikuwa mbebaji wa samaki kwenye soko la Feri. Barafu ya makreti ilikuwa imemkaza vidole, vingine havikunji tena hadi mwisho. Mwezi uliopita alipata nafasi kwenye kampuni ya ulinzi, kazi ya kusimama benki, na waliapishwa wasimwambie mtu habari za mafunzo wala watapangwa wapi. Kwenye mafunzo, siku walipopewa shotigani, iliteleza mikononi mwake ikaanguka mbele ya wenzake wote. Mkufunzi, mwanajeshi mstaafu, alimwambia Jumatatu atapimwa peke yake: aikoki, aifungue, aionyeshe kuwa haina kitu, aikabidhi. Ikianguka tena, arudi Feri. Alitaka kitu cha mfano wake afanyie mazoezi nyumbani. Kioo alikitumia kwa sababu mkufunzi alisema anasimama vibaya. Gololi hakuzitaka kwa kuwa chumba ni kimoja na ana mtoto anayetambaa.

Nikamwambia, nayo ni haki yake kuisikia, kwamba nilimdhania jambazi na kwamba jina lake nimeliandika kwenye karatasi ya kupeleka polisi. Nikamwomba anisamehe.

Akajifuta tope la mkononi kwenye ukuta.

"Nilijua, mama," akasema. "Mtu ukinuka samaki, dukani unatazamwa kabla hujasema. Nimezoea. Ila leo umewafanya na majirani zangu wanitazame hivyo."

Nikamuuliza tu kama nikimletea leo ile bunduki, muda utatosha. Akahesabu kwa vidole vyake vigumu: leo jioni, na kesho akitoka kanisani. Akasema atajaribu.

Salim hakuuliza maswali. Aliandika risiti na kunifungia boksi. Halikuingia kwenye bajaji bila kuonekana, kwa hiyo nililitia kwenye kikapu kirefu cha ukindu, nikafunika kwa kanga. Mangi alikuwa anafungua duka lake.

"Bi Maimuna, safari ya wapi na mkonga huo?"

Nikamwambia nakwenda Buguruni.

"Ukimaliza kuvamia hiyo benki, unikumbuke jirani yako."

Alikuwa anatania, hakujua lolote. Lakini njia nzima nilijifunika kanga upya kila tulipopunguza mwendo. Kila aliyenitazama nilimwona anajua. Dereva alinitazama kwenye kioo mara mbili nikadhani anataka kusimama kituo cha polisi. Nilikuwa na risiti, nilikuwa na nakala ya kibali, nilikuwa na umri wangu, na bado nilijiona mshukiwa. Nikasema moyoni, haya, ionje nawe hiyo dhana.

Tulifanya mazoezi barazani kwa Yohana, mlango wazi, mkewe Neema ameketi karibu na mtoto mgongoni, kwa sababu sikutaka kuwe na jambo lolote la kufichwa. Wapangaji wote wa nyumba ile walipata shughuli hapo barazani kwa wakati mmoja. Mzee mmoja alileta kabisa kiti.

Mimi sijawahi kushika bunduki ya kweli. Lakini hizi za springi nimezikoki mara nyingi kuliko nilivyosuka mikeka, na mikono yangu nayo imezeeka. Niliona tatizo lake mapema: alijaribu kushika kwa ncha za vidole, kama watu wengine, nazo hazimtii. Nikamwambia aache vidole. Aibane kwa kiganja na kiwiko, aivute ile sehemu ya mbele kwa mkono mzima kama anavyovuta kreti. Mdomo chini, kidole nje. Neema akachemsha maji, tukamtaka aloweke mikono kwanza. Kisha nikamfundisha kama baba alivyotufundisha kusoma: polepole, kitu kile kile, mara nyingi, mpaka mwanafunzi amchoke mwalimu. Mwisho nikamwambia afumbe macho.

Ikaanguka. Ikaanguka tena. Mzee wa kiti akasema huyu mwache arudi kwenye samaki, na Neema akamjibu kwamba kiti chake hakijalipiwa kodi barazani kwao, atazame au ahame. Yohana alicheka, na nadhani kucheka kule ndiko kulikomlegeza mabega. Jumapili alitoka kanisani bado amevaa suruali ya misa, tukaanza tena. Nilimsikia ananong'ona Baba Yetu kila anapokoki. Mimi nami nilikuwa na yangu, chini ya pumzi. Kufika alasiri alikuwa amefanya mara thelathini mfululizo, amefumba macho, haijaanguka. Nikasali kwenye mkeka wa Neema, nikaaga.

Jumatatu sikupata habari, wala Jumanne. Hakuwa na namba yangu, na mimi sikumwomba yake. Niliona nimekwisha kumfuatilia vya kutosha. Pale dukani niliendelea kumwaga gololi juu ya kioo na kuvalisha watu miwani. Barua nilizipokea na kupiga simu mbele ya mteja mwenyewe, asikie ninachouliza na kinachojibiwa. Nawaomba mfanye hivyo hivyo. Kagueni kila kitu, kwa kila mtu, mbele yake. Msimpe mtu tarehe ya uongo.

Wiki ya pili baada ya kustaafu nilikwenda benki moja mjini kubadilisha kadi. Foleni ilikuwa imefika nje. Nilipokaribia mlango nikamwona amesimama, sare imepigwa pasi, shotigani imekaa kwenye kiganja na kiwiko, mdomo chini, kidole nje. Moyo wangu ulijaa. Tukatazamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikatabasamu, nikapiga hatua niingie. Akanyoosha mkono mbele yangu, taratibu.

"Mkoba, mama."

Kijana aliyekuwa nyuma yangu akaguna kwamba ina maana hata bibi mtu mzima anapekuliwa. Yohana hakumgeukia. Akasema hata bibi.

Nikaufungua. Mlikuwa na tasbihi, miwani ya kusomea, leso na ndizi moja. Alitazama ndani ya mkoba, akasogeza leso kwa ule mkono wake mgumu, akatazama chini yake. Usoni kwangu hakutafuta kitu chochote. Kisha akaufunga mwenyewe, akanirudishia kwa mikono miwili, na akamgeukia kijana wa nyuma.

Ewe unayesoma haya, Mwenyezi Mungu akupe jicho linaloona kilichomo, akulinde na shari ya watu na awalinde watu na shari ya dhana yako. Akifungue kifua chako kuomba radhi mapema, aibariki mikono yako katika kazi ya halali, na akukutanishe mlangoni na mtu atakayekukagua kwa haki kisha akupishe kwa heshima. Amina.